Uhandisi Kwanza, Uchumi Uufuate

Kitale

Mpwa wangu mpendwa,

  

Katika barua yako unaniuliza uombe uhandisi au uchumi, kwa kuwa moyo wako uko kote kuwili na chuo unachokitaka huchukua wachache mno. Jibu langu ni hili: ingia kwa mlango wa uhandisi, uchumi uufuate.

Hapa nchini KUCCPS, idara inayogawa nafasi za vyuo, itakupangia kozi moja tu. Uhandisi ni miaka 5 na uchumi ni 4, na hutaweza kukaa katika madarasa yote mawili kwa pamoja. Mhandisi akimaliza anaweza kuomba shahada ya uzamili ya uchumi, maana hesabu anazo tayari. Mchumi akitaka kuwa mhandisi itambidi aanze upya, kwani Bodi ya Wahandisi haimsajili mtu asiye na digrii ya uhandisi inayotambuliwa. Kwa hiyo kabla hujajaza chochote, hakikisha kozi unayoiomba inatambuliwa na bodi hiyo.

Marekani wana utaratibu mwingine. Pale chuo cha MIT, tangu 2017, kuna kozi inayounganisha sayansi ya kompyuta, uchumi na data, na mwanafunzi huchagua fani yake baada ya mwaka wa kwanza. Karo isikutishe: hawaangalii mfuko wa mzazi wanapoamua nani aingie, hata mwombaji akitoka nchi nyingine, na anayekubaliwa husaidiwa kwa kadiri ya uhitaji wake. Mtihani wa SAT au ACT utaufanya. Watafute pia KenSAP, mpango ulioanzishwa 2004 na Mike Boit na John Manners, ambao huwaandaa Wakenya waliofaulu sana kuomba vyuo vya aina hiyo. Dalali akikuahidi nafasi kwa pesa, mkimbie.

Sasa nije kwenye insha yako ya maombi, maana hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Umeandika kwamba unayapenda masomo yote mawili tangu utotoni. Mpwa wangu, maneno hayo atayaandika kila mwombaji. Wape swali ambalo mhandisi peke yake halimalizi, wala mchumi peke yake. Wewe unalo hapo uani, kwenye turubai la mahindi.

Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20. Bodi ya Nafaka hutaka asilimia 13.5. Punje kavu ndani ya gunia hilo, ukiondoa maji yote, ni kilo 72. Ukilikausha hadi kiwango cha bodi, unabaki na kilo 83 na kidogo. Karibu kilo 7 zimepotea hewani. Hiyo ni kazi ya mhandisi: joto kiasi gani, hewa kiasi gani, dizeli lita ngapi. Lakini mama yako anauliza jambo lingine: kama broka anampa shilingi 3,000 leo kwa mahindi hayo mabichi, yakikauka atauza kwa ngapi asipate hasara? Piga hesabu. Hizo kilo 83 lazima zilete 3,000 zile zile, ndipo uongeze gharama ya kukausha, na uongeze tena hatari ya bei kushuka au ukungu kuingia wakati anasubiri. Na karo ya wadogo zako je, itasubiri? Mtambo mzuri wa kukausha usiojibu maswali hayo utabaki chini ya mti ukiota kutu. Andika hayo, kwa namba ulizozipima mwenyewe.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, nenda Webuye. Kiwanda cha karatasi cha PanPaper kilifanya watu wa Bungoma wajenge nyumba na kusomesha watoto. Kilipofungwa 2009 kilikuwa kimelemewa na madeni, bili ya umeme ikiwemo. Watu waliojua kuziendesha mashine zile walikuwepo pale pale. Mji mzima uliumia, na mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana nataka vijana wetu waijue mitambo na waijue pia pesa inayoiendesha.

Wala usidhani unabuni kitu kigeni. Mfaransa Jules Dupuit alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, na mwaka 1844 aliandika jinsi ya kupima faida ambayo wananchi wanaipata kutokana na kazi za umma. Wachumi wanamsoma hadi sasa.

Iandike insha upya. Azima kipimo cha unyevu, pima magunia ya nyumbani na ya jirani, uliza bei ya Bungoma na ya hapa Kitale wiki hiyo hiyo, kisha uniletee rasimu kabla hujaituma popote.

Ni mimi mjomba wako.