Kibandiko cha Bima ni cha Nani?

Kwa muda wa miaka 20 sajini mmoja wa polisi nchini Uganda alisimama barabarani akikagua vioo vya magari. Kibandiko cha bima kikipitwa na wakati hata kwa siku moja, dereva hakuwa na la kujitetea. Sheria ya mwaka 1989 sajini aliijua kama kiganja chake: hakuna gari wala pikipiki inayoruhusiwa kutembea barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na ushahidi wake ni cheti pamoja na kibandiko.

Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu ya kubebea ndizi. Bima yake ikaisha siku ya Ijumaa.

"Nitalipa Jumatatu," alimwambia mkewe.

"Baba watoto, ungekuwa kazini ungemsamehe dereva wa namna hii?"

Sajini akacheka, akaondoka.

Jumapili jioni, karibu na soko, mtoto alikatiza barabara ghafla. Breki zilishika, lakini kwa kuchelewa. Mtoto akavunjika mguu. Hospitalini baba yake hakutukana. Aliuliza jambo moja tu: "Mzee, gari lina bima?" Sajini, aliyewauliza wengine swali hilo mara nyingi mno, alikosa jibu.

Ng'ombe wawili waliowekwa kwa ajili ya karo waliuzwa kulipia matibabu, na kesi ikamngoja mahakamani.

Wengi hudhani kwamba bima hiyo ni ya mwenye gari, au ni kodi ya kumridhisha askari. Sivyo. Haitengenezi gari lake wala ua alilogonga. Ni ya aliyeumizwa, na jamaa wa aliyefariki. Kweli, kiwango kilichowekwa mwaka 1989, shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, ni kidogo mbele ya gharama za hospitali. Lakini haba si sawa na hakuna. Naye avukaye mpaka kwenda Kenya au Rwanda aulizie Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, ili aliyeumizwa ugenini naye asiachwe mikono mitupu.

Siku hizi, kabla ya kuwasha gari, sajini husoma kwanza tarehe iliyo kwenye kioo. Hamwogopi askari aliye mbele. Anamfikiria mtoto ambaye bado hajakutana naye.