Samaki Hunadiwa Hadharani, Shamba Je?

Ndugu msomaji, ikiwa asili yako ni kijiji, hasa kijiji cha visiwani au cha mwambao, basi yamkini unayo sehemu yako ya ardhi huko. Pengine hujaitia machoni kwa miaka kumi. Pengine huwezi kueleza mpaka wake unapita wapi. Lakini unayo, kwa kuwa babu yako aliilima, na siku utakapopigiwa simu na ndugu yako kuambiwa kuwa mnunuzi amepatikana, na kwamba linalosubiriwa ni neno lako tu, ndipo utakapoikumbuka. Nataka tuzungumze habari ya siku hiyo kabla haijafika.

Kwetu ni Tumbe, kaskazini ya Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Wanaolijua jina la Tumbe aghalabu hulijua kwa samaki, nao hawakukosea, kwani soko la pwani ya Tumbe lina sifa kisiwani kote. Vyombo vinapoingia, samaki hushushwa, dalali husimama, watu humzunguka, na bei hupanda kwa sauti. Mwenye uwezo hutaja, asiye na uwezo husikiliza. Hata mtoto aliyetumwa kitoweo hurudi nyumbani akijua changu wa leo wameuzwa kwa kiasi gani na ni nani aliyewachukua. Ukitaka kumdhulumu mtu pale, itakubidi umdhulumu mbele ya mji mzima.

Sasa tuiache pwani, tupande juu kwenye makonde na mabonde ya mpunga. Huko nako kuna dalali. Jina ni lile lile, lakini desturi ni nyingine. Huyu hanadi. Huja jioni, huketi barazani, huzungumza kwa sauti ya chini na mmoja katika warithi saba, na baada ya miezi michache watu huona matofali yameshushwa katikati ya konde la muhogo. Ukiuliza, unajibiwa kuwa mambo yamekwisha, karatasi ipo. Samaki atakayekuwa ameliwa kabla ya magharibi huuzwa kwa kelele. Ardhi ambayo haitarudi tena kuwa shamba huuzwa kwa kunong'ona.

Sina ugomvi na nyumba. Mimi mwenyewe ni mpangaji, na adha za mwenye nyumba nazijua vyema. Hesabu ya watu mwaka 1978 ilikuta Zanzibar ina watu 476,111. Ya mwaka 2022 ikakuta 1,889,773. Visiwa ni vile vile, watu wamekaribia kuwa mara nne, na wote hao lazima wapate pa kulala. Swali ni wapi. Upande wetu wa kaskazini mashariki ya Pemba una maweni mengi, mahali ambapo jembe hulia juu ya jiwe. Udongo mzito na mabonde yanayoshika maji ni machache, nayo ndiyo yanayotamaniwa, kwa sababu yako karibu na barabara na kuchimba msingi wake ni kazi nyepesi. Nyumba yaweza kusimama juu ya jiwe. Mpunga hauwezi.

Ardhi hii si ya kufanyiwa mzaha. Wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wamechimba Tumbe na kukuta mabaki ya kijiji kikubwa cha nyumba za udongo na miti, kilichokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Karibu yake, katika magofu ya Chwaka ambayo wenyeji huyahusisha na jina la Haruni, ulisimama mji wenye misikiti ya mawe kuanzia karne ya 11 hadi kiasi cha mwaka 1500. Mwenzao Sarah Walshaw aliyachunguza mabaki ya mbegu zilizoungua katika majiko ya zamani. Katika kijiji cha Tumbe alikuta kwamba nafaka kuu ilikuwa mawele. Katika mji wa Chwaka, mpunga ulikwisha kushika nafasi. Yaani bibi zetu walianza kula wali karibu miaka elfu moja iliyopita, na walikuwa wakiulima hapo hapo. Mimi niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu, maana hata leo ukimwendea mzee wa Tumbe na sahani isiyo na wali, atakuuliza chakula kitaletwa saa ngapi.

Turudi kwenye sheria, kwani hapo ndipo wengi hudanganyika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka 1965 familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Aliyepewa aliruhusiwa kulima na kula mazao yake. Hakuruhusiwa kuuza, wala kukata vipande. Kisha ikaja Sheria ya Matumizi ya Ardhi, namba 12 ya mwaka 1992, iliyotilia mkazo kuwa ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia, tena aitumie ipasavyo. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria inayotaka uhaulishaji wa ardhi upelekwe mbele ya Bodi, na nyingine iliyounda Mahakama ya Ardhi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatukupungukiwa na sheria. Tulichopungukiwa ni jicho lililo karibu na shamba.

Nakupa mfano wa eka tatu za marehemu babu yangu, ambazo sehemu yake ya chini ni bonde la mpunga. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,140. Babu alikufa akaacha mke, wana wa kiume wanne na wa kike watatu. Huo mgawo wa eka tatu haukukusudiwa kukatwa, lakini kwa mazoea warithi huachiwa waendelee, nao huhesabiana kwa kanuni ya mirathi wanayoijua. Mke ana thumni yake, mita 1,517. Zinazosalia hugawiwa mafungu kumi na moja: kila mwanamume mita 1,931, kila mwanamke mita 966. Mita 966 haziwezi kulisha nyumba hata kwa miezi miwili. Lakini zaweza kutoa viwanja vitatu vya kujengea, na kiwanja kina bei. Hapo dalali hahitaji kumshawishi mtu, hesabu yenyewe imekwisha kumshawishi. Na hiki ni kizazi cha pili tu. Wajukuu, ambao mimi ni mmoja wao, hatujagawana bado.

Nani basi anatazama? Katika shehia yuko sheha, ambaye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa na ndiye mkono wa Serikali katika kijiji. Katika wadi yuko diwani, ambaye huchaguliwa na wananchi na huketi katika Halmashauri ya Wilaya. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheha ana muhuri. Shamba liko baina ya wawili hao, na mara nyingi kila mmoja hudhani mwenzake analitazama. Matokeo yake ni kuwa muhuri wa sheha, ambao kwa haki ni ushahidi kuwa fulani na fulani wamefika mbele yake, huchukuliwa na wanunuzi kama hati ya kumiliki. Jamaa yangu mmoja, katika shehia ambayo sitaitaja na ambayo si ya Tumbe, alikuta shamba la baba yake limeuzwa kwa karatasi yenye sahihi tatu, na warithi ni saba. Muhuri ulikuwepo, tena umegongwa vizuri. Shauri limekwenda mwaka wa tatu sasa, na nyumba iliyojengwa juu ya shamba hilo imefika kwenye madirisha.

Na usidhani kwamba watu wa vijijini hawawezi kusimamia mali yao. Wanaweza, na wamekwisha kuonyesha. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliruhusu shehia zifanye makubaliano na Serikali, zichore ramani ya msitu wao, zitenge sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kukata kuni, ziunde kamati na kujiwekea sheria ndogo. Mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa baina ya mwaka 2010 na 2014, uliieneza kazi hiyo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Katika Wilaya yetu hiyo hiyo ya Micheweni uko msitu wa Ngezi, uliotangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1959. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980, na idadi yake ikaja kuongezeka wanavijiji walipokubali kuyalinda maskani yake badala ya kumwinda. Kama popo ana kamati, bonde la mpunga limekosa nini?

Nchi nyingine nazo zimehangaika na jambo hili. Mwaka 1974, wilaya ya Suffolk, iliyo pembezoni mwa jiji la New York huko Marekani, ilipitisha mpango wa kununua kutoka kwa wakulima haki ya kujenga majumba. Mkulima hubaki na shamba lake, hulima viazi vyake, na akitaka kuuza huuza, lakini anayelinunua hawezi kuweka nyumba za kupangisha juu yake. Wilaya humlipa kwa haki aliyoiacha. Mpango huo una gharama kubwa, na fedha yenyewe ni nusu tu ya kazi, kwa sababu baada ya kulipa lazima awepo mtu wa kupita na kuangalia kama ahadi inatimizwa. Sisi tuna nafuu moja ambayo Suffolk hawana: ardhi yetu kwa sheria ni ya umma tayari, haki hiyo hatuna haja ya kuinunua. Kilichobaki kwetu ni ile nusu ya pili, ya kupita na kuangalia, ambayo haihitaji mamilioni.

Ningekuwa diwani (na Mungu aniepushe, kwani kelele za barazani siziwezi) ningeanza na daftari. Kila shehia iandike mabonde yake na makonde yake ya udongo mzito, kwa majina yale yale yanayotumiwa na wakulima, na ukubwa wake, na nani analima. Daftari hilo lisifungiwe kabatini. Pili, anayetaka kuhaulisha shamba, tangazo lake libandikwe ofisini kwa sheha na sokoni, siku thelathini, ili mrithi aliyeko Dar es Salaam au Mombasa apate habari kupitia kwa jirani. Soko la samaki la Tumbe lingefaa sana kwa kazi hiyo. Hakuna siri inayolala pale. Tatu, madiwani wenyewe watoke. Mara moja kwa kila msimu waende kwa miguu wakiwa na daftari mkononi, walinganishe kilichoandikwa na kinachoonekana, na sheha aeleze mbele ya watu kila muhuri alioupiga tangu ziara iliyopita. Hili la mwisho najua halitapendwa. Lakini sheha mwaminifu, nao wapo wengi, litamfaa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu leo yeye ndiye anayebeba lawama ya kila karatasi mbovu.

Nawe msomaji wa mjini, usidhani kuwa katika habari hii wewe ni mtazamaji tu. Mara nyingi mnunuzi ni wewe. Umeweka akiba, umechoka kupanga, umeambiwa kuna kiwanja cha bei nafuu kijijini. Kabla hujatoa shilingi, uliza ardhi hiyo ilikuwa nini mwaka jana. Uliza warithi ni wangapi, uwaone kwa macho yako, pamoja na wanawake, ambao aghalabu huachwa nje ya mazungumzo. Uliza kama jambo limefika kwenye Bodi ya Uhaulishaji, na usikubali kuambiwa kuwa muhuri wa sheha unatosha. Ukiona shina za mpunga zimekauka chini ya kigingi cha kupimia, basi uondoke.

Mimi simu hiyo nimekwisha kuipata. Ami yangu mdogo alinipigia mwezi wa Ramadhani, akanisalimu kwa upole usio wa kawaida yake, kisha akasema kuwa mtu mmoja wa Wete anaitaka sehemu ya bonde. "Mwanangu," akaniambia, "sote tumezeeka, na nyinyi vijana hamrudi kulima. Tunamwekea nani?" Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba awaite wote saba, au watoto wa waliokufa, waketi pamoja na sheha na diwani wawepo. Alinyamaza kidogo, akasema kikao cha namna hiyo ni aibu, mambo ya nyumbani hayapelekwi sokoni.

Kikao kiliketi mwezi uliofuata, nyumbani kwa shangazi yangu. Diwani alikuja, sheha alituma mjumbe. Ami zangu wawili walitaka kuuza, mmoja hakutaka, na watoto wa yule wa nne, marehemu, waligawanyika. Shangazi zangu, wenye mita 966 kila mmoja, walikataa wote watatu, kwa kuwa wao ndio wanaolipanda bonde hilo kila masika. Bonde halikuuzwa. Mtu wa Wete ameonyeshwa kiwanja kingine, upande wa maweni, na nasikia bado anapatana bei.