Bwawani Kuna Saa, Wizarani Hakuna: Tafakuri juu ya Kirsty Coventry

Tarehe 20 Machi 2025, huko Costa Navarino nchini Ugiriki, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walimchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa rais wao wa kumi. Wagombea walikuwa saba, naye akashinda katika duru ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97. Taasisi hiyo iliasisiwa mwaka 1894. Marais tisa waliomtangulia walikuwa wanaume watupu: wanane kutoka Ulaya na mmoja kutoka Marekani. Kwa mara ya kwanza kiti hicho kimekaliwa na mwanamke, na kwa mara ya kwanza kimekaliwa na mtu kutoka Afrika.

Katika wiki zilizofuata nilisikia mazungumzo ya aina mbili miongoni mwa wanafunzi wangu. Wapo walioshangilia kwamba Afrika imeshinda. Wapo waliouliza, kwa sauti ya kejeli kidogo, huyo ni Mwafrika wa namna gani. Swali la tatu, ambalo Wazimbabwe wengi walikuwa wakiuliza wenyewe kwa wenyewe, halikusikika sana kwetu: mama huyu alikuwa waziri kwa zaidi ya miaka sita, je, alifanya nini? Naandika makala haya kwa sababu naamini swali hilo la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi katika nchi zinazopenda kuwageuza mashujaa kuwa viongozi.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Coventry alizaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983, miaka mitatu baada ya uhuru wa Zimbabwe. Akiwa na umri wa miaka 17 alishiriki Olimpiki ya Sydney, akawa muogeleaji wa kwanza wa nchi yake kufika nusu fainali. Baadaye alikwenda kusoma na kufanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama. Katika Olimpiki ya Athens ya 2004 alitwaa dhahabu ya mita 200 za kuogelea chali, fedha ya mita 100 za mtindo huohuo, na shaba ya mita 200 za mitindo mchanganyiko.

Miaka minne baadaye, Beijing, alitetea dhahabu yake kwa rekodi mpya ya dunia ya dakika 2 na sekunde 5.24, akaongeza medali tatu za fedha. Mojawapo ya fedha hizo inastahili kukumbukwa. Katika nusu fainali ya mita 100 chali alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 58.77. Katika fainali, Natalie Coughlin wa Marekani alishinda kwa sekunde 58.96, muda ambao Coventry alikuwa ameupita siku moja tu kabla. Aliyekuwa na rekodi ya dunia akashika nafasi ya pili, na hapakuwa na wa kumlalamikia. Saa ilikuwa imesema.

Kwa jumla ana medali saba za Olimpiki. Zimbabwe nzima, tangu ianze kushiriki kwa jina hilo mwaka 1980, imepata nane. Ile ya nane ni dhahabu ya timu ya wanawake ya mpira wa magongo, iliyopatikana Moscow mwaka wa uhuru.

Hapo ndipo swali la rangi linapoingia, na si haki kulipuuza. Timu ile ya 1980 ilikuwa ya wazungu watupu. Coventry ni mzungu. Maana yake ni kwamba medali zote nane za nchi ambayo idadi kubwa kabisa ya watu wake ni weusi zimeletwa na wachache wa rangi moja. Jambo hilo halitokani na damu wala mifupa. Bwawa la kuogelea la mita 50 ni jengo la gharama: linahitaji maji safi, dawa, pampu, walimu, na mzazi mwenye muda na usafiri wa kumfikisha mtoto mazoezini alfajiri. Katika Rhodesia, vitu hivyo viligawanywa kwa rangi kama shule na ardhi zilivyogawanywa. Uhuru ulifungua milango, lakini kufungua mlango ni jambo moja na kumjengea mtoto wa Mbare au Makokoba njia ya kufika mlangoni ni jambo jingine.

Hata hivyo, kumnyima Coventry Uafrika wake kwa sababu hiyo ni kukwepa hoja. Wananchi wenzake hawakumnyima. Aliporejea Harare mwaka 2004, wakati mgogoro wa mashamba umefikia kilele na wazungu wakitajwa majukwaani kuwa maadui wa taifa, umati uliofurika kumlaki ulikuwa wa watu weusi waliobeba bendera ya nchi yao. Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua kutofautisha mfumo uliowapunja na binti aliyeogelea kwa jina lao. Kinachonishughulisha mimi ni namna dola ilivyoitumia furaha yao.

Tazama mwaka 2008. Mwezi Machi ulifanyika uchaguzi ambao matokeo yake ya urais yalicheleweshwa kwa wiki kadhaa. Kuelekea duru ya pili ya mwezi Juni, wafuasi wa upinzani walipigwa na kuuawa, na Morgan Tsvangirai akajitoa. Mwezi Julai, mfumuko wa bei kwa takwimu rasmi ulivuka asilimia milioni 200, na benki kuu ikatoa noti ya dola bilioni 100. Mwezi Agosti, wakati Coventry anapanda jukwaa Beijing, ndipo mlipuko wa kipindupindu ulipoanza. Hadi unamalizika mwaka uliofuata ulikuwa umeua zaidi ya watu 4,000. Kipindupindu ni ugonjwa wa maji machafu. Nchi ambayo serikali yake ilishindwa kuwapatia raia maji ya kunywa ilikuwa inamshangilia malkia wa maji.

Robert Mugabe alimwalika Ikulu, akamsifu kuwa binti wa dhahabu, akamzawadia dola za Marekani 100,000. Simlaumu mwanamichezo wa miaka 24 kwa kupokea zawadi ya rais wake. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza: dola iliyokuwa wapi alipokuwa akifanya mazoezi ughaibuni kwa miaka kadhaa ilifikaje mapema namna ile kwenye picha? Taifa halikuwa limemwandaa bingwa huyu. Lilimpokea akiwa tayari ameiva, likajifunika kwa medali zake kama mtu anayejifunika shuka jipya juu ya kidonda.

Miaka kumi baadaye, dola ilimwita tena. Septemba 2018, Emmerson Mnangagwa alimteua kuwa Waziri wa Vijana, Michezo, Sanaa na Burudani. Hakuwa mbunge wala hakuwa amewahi kugombea. Mwezi mmoja kabla, tarehe 1 Agosti, wanajeshi walikuwa wamewafyatulia risasi raia katika mitaa ya Harare baada ya uchaguzi, na watu sita wakafa. Serikali iliyokuwa ikihitaji sura mpya mbele ya dunia ilipata sura ambayo dunia ilikuwa inaifahamu na kuipenda.

Watetezi wake wanasema ni heri mtu safi aingie ndani ajaribu kurekebisha kuliko kubaki nje akilalamika. Hoja hiyo ina uzito; watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaijua kwa undani kuliko mimi. Basi tuipime kwa matokeo. Uwanja wa Taifa wa Harare ulizuiwa na Shirikisho la Soka la Afrika kuandaa mechi za kimataifa kwa sababu ya uchakavu. Novemba 2023, Zimbabwe ilicheza mechi yake ya “nyumbani” dhidi ya Nigeria katika mji wa Huye, Rwanda.

Februari 2022, FIFA iliifungia Zimbabwe, siku ileile ilipoifungia Kenya, kwa kosa la serikali kuingilia uongozi wa soka. Kwa upande wa Zimbabwe, tume ya michezo iliyo chini ya wizara ilikuwa imewasimamisha viongozi wa soka kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha na za unyanyasaji wa kingono dhidi ya waamuzi wanawake. Tuhuma hizo zilikuwa nzito, na waziri anayezifumbia macho hastahili kuitwa waziri. Lakini gharama ilikuwa timu ya taifa kuondolewa katika mashindano ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, na kifungo kilichodumu hadi Julai 2023.

Je, alifaulu au alishindwa? Hapa ndipo tofauti ya bwawa na wizara inapojitokeza. Bwawani kuna saa, na sekunde zake hazijali ulizaliwa wapi wala nani amekuteua. Wizarani hakuna saa ya namna hiyo. Saa ya waziri ni bunge lenye meno, ripoti ya mkaguzi inayosomwa hadharani, na mwandishi wa habari asiyeogopa kukamatwa. Palipokosekana hayo, sifa za jana ndizo hugeuka kuwa kipimo cha leo. Anayehoji utendaji wa waziri huonekana anamtukana bingwa.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu ya uhusiano wa aina nyingine kati ya dola na mwanamichezo. Februari 1974, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili nyuma ya Bayi kule Christchurch, akatwaa dhahabu. Unaweza kuukataa uamuzi ule. Mimi nauona ulikuwa wa heshima. Lakini ulikuwa uamuzi wa sera, wenye sababu iliyotamkwa, na raia aliweza kuupinga au kuuunga mkono bila kumgusa Bayi mwenyewe. Dola ilimdai mwanariadha wake kafara kubwa. Haikumtumia kuficha aibu. Medali mbili pekee za Olimpiki tulizonazo hadi leo, fedha ya Bayi na fedha ya Suleiman Nyambui, zilikuja Moscow mwaka 1980.

Tangu Juni 2025 Coventry yuko Lausanne, katika muhula wa miaka minane. Namtakia mema, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi aliposhinda. Lakini wanafunzi wangu nawasihi wasimpime kwa dakika 2 na sekunde 5.24. Hizo zimekwisha kulipwa heshima yake yote. Wampime kwa maswali ambayo hayakupata saa kule Harare: fedha za Olimpiki zinazopelekwa kwa kamati za mataifa ya Afrika zinakwenda wapi, nani anazikagua, na ni mabwawa mangapi ya umma yatakuwa yamejengwa hapo atakapoondoka ili mtoto wa mvuvi wa Kigoma au Kisumu ajifunze kuogelea kabla ziwa halijamfundisha kwa ukatili. Na siku bingwa wetu mwingine atakapoteuliwa kuwa waziri, tumpigie makofi kwa kazi aliyoifanya uwanjani, kisha siku ya pili tumwombe mpango kazi wake na bajeti yake.