Tuthibitishe au Tungoje?

Mama mwenzangu, kama una kijana aliyemaliza kidato cha sita, huenda nawe umepitia wiki kama ile iliyotupata hapa Ipinda mwaka 2023.

Binti yetu wa kwanza alichaguliwa vyuo viwili katika awamu ya kwanza: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kote ni uhandisi wa ujenzi. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaacha kokoa zao mikekani wakaja kuuliza kuna nini.

Kumbe furaha ile ilikuwa na siku za kuhesabu. Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi vyuoni moja kwa moja, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu ili athibitishe kimoja tu kabla ya tarehe iliyowekwa. Nafasi ya pili huwa amewaachia wengine. Wakati huo majina ya waliopata mkopo wa Bodi hayajatoka. Hutoka baadaye, tena kwa mafungu. Yaani unachagua chuo kabla hujajua mfuko wako. Na kokoa yetu huuzwa kwa mnada kupitia chama cha ushirika, fedha yake haiji kwa kuitwa.

Baba yake alisema Mbeya, kwa kuwa dada yake yupo kule na chumba kipo. Binti alitaka Dar es Salaam. Mimi niliungana na baba, nikataja fedha. Fedha ilikuwemo, sikatai. Lakini moyoni nilijua kwamba akiwa Mbeya, Jumamosi anapanda gari namwona.

Jioni moja wifi yangu anayeishi Marekani alipiga simu kutoa hongera. Mwanawe alishapitia hayo. Alinieleza kuwa kule wapo wanaoomba mapema kwa ahadi: mwanafunzi na mzazi husaini kwamba akikubaliwa ataenda chuo hicho na kufuta maombi mengine. Wengine huomba mapema bila kufungwa, wakapewa hadi Mei 1 kuamua.

"Na yule aliyefungwa akikosa fedha?" nikauliza.

"Msaada wa chuo usipotosha, huachiliwa. Lakini wifi, sisi tulipiga hesabu kabla ya kusaini, si baada."

Usiku ule tukafungua daftari, watatu. Tulipiga hesabu ya Dar es Salaam kana kwamba mkopo hautatoka kabisa: ada, chumba, chakula, nauli ya basi. Kisha ya Mbeya. Tofauti ilikuwa kubwa, ila si kubwa kama nilivyokuwa nikiisema. Baba yake alinyamaza kitambo, akasema, "Ng'ombe mmoja atauzwa." Na mwajua ng'ombe ni nini kwetu Wanyakyusa. Binti akalia. Mimi nikaenda jikoni kutazama ndizi ambazo zilikwisha kuiva zamani.

Asubuhi aliingiza namba ile, akathibitisha Dar es Salaam, zikiwa zimebaki siku mbili.

Mkopo ulitoka fungu la pili, tena si wote. Ng'ombe aliuzwa vilevile. Binti huja mara moja kwa mwaka, amekonda kidogo, ana maneno mengi. Mdogo wake sasa yuko kidato cha tano, na baba yake ameanza tena kuisifu Mbeya.