Je, Rocky Alishinda?



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya mchezo wa ngumi, tena ngumi za kwenye sinema. Yamkini wapo watakaoshangaa kulikuta jambo hili hapa. Tunawaomba watuvumilie kidogo.

Jaribuni kumwuliza mtu aliyewahi kuitazama filamu iitwayo Rocky, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1976, ilimalizikaje. Sisi tumewauliza wengi kwa miaka mingi, tangu enzi za seminari ndogo, ambako mikanda hiyo ya video tulioneshwa Jumamosi jioni pasipo mpangilio wowote, ya nne ikiitangulia ya kwanza. Jibu tunalopewa aghalabu ni lile lile: yule maskini alimpiga bingwa, naye akawa bingwa. Wengine hata huinua mikono yote miwili juu kuonesha alivyoshangilia. Lakini mikono ile aliiinua asubuhi ya mazoezi, juu ya ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa mjini Philadelphia, pasipo mpinzani yeyote mbele yake. Ulingoni alishindwa. Alishindwa kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika, baada ya raundi 15. Taji alikuja kulipata katika filamu ya pili, ya mwaka 1979, na watazamaji wamelichukua taji hilo wakalirudisha nyuma miaka mitatu, wakamvika mtu ambaye hakulipewa.

Kwa nini watu husahau? Hilo ndilo linalotusumbua.

Kwa wale ambao hawajaiona, habari yenyewe si ndefu. Rocky Balboa ni bondia wa vilabu vidogo ambaye ujana umeanza kumtupa mkono. Mchana huzunguka akimdaia fedha mkopeshaji wa riba. Filamu inafunguka na picha ya Kristo ukutani, kisha kamera inashuka polepole mpaka ulingoni, ambako watu wawili wanaumizana mbele ya watazamaji wachache wenye kelele. Usiku ule Rocky anashinda, na baada ya makato yote, la taulo likiwamo, anabakiwa na dola 40 na senti kidogo. Huku nyuma, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Apollo Creed, anampoteza mpinzani wake aliyeumia mkono. Pambano limepangwa kufanyika tarehe 1 Januari 1976, mwaka ambao Marekani ilitimiza miaka 200 ya uhuru, katika mji ule ule ulikotangazwa uhuru huo. Creed, ambaye ni mfanyabiashara mwerevu kuliko watu wanavyomkumbuka, anaamua kumpa nafasi mtu asiyejulikana. Anapekua kitabu cha majina ya mabondia wa mji huo na kuvutiwa na jina la ulingoni la Rocky. Hivyo ndivyo alivyochaguliwa: jina lake lilifaa kwa tangazo.

Sylvester Stallone, aliyeiandika hadithi hii na kuigiza kama Rocky, amesimulia kwamba aliiandika kwa siku tatu na nusu baada ya kutazama pambano la kweli. Tarehe 24 Machi 1975, huko Ohio, Muhammad Ali alipigana na Chuck Wepner wa New Jersey. Lilikuwa pambano la kwanza la Ali kulitetea taji alilolirejesha Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, usiku ambao wazee wetu hadi leo hawachoki kuusimulia. Wepner alikuwa mchuuzi wa vileo, mtu ambaye uso wake ulipasuka mara nyingi hata wakampa jina la utani la kumwaga damu. Katika raundi ya tisa Ali akaanguka chini. Ali alishikilia kwamba alikanyagwa mguu, na mjadala huo tunawaachia wenyewe. Jambo letu ni jingine: mwamuzi alilisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19 tu raundi ya 15 imalizike. Wepner hakuisikia kengele ya mwisho.

Tukiyaweka mapambano hayo mawili kando kwa kando, tunaona Stallone alimpa bondia wake kitu gani. Angeweza kumpa taji. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alimpa zile sekunde 19.

Filamu iligharimu kiasi cha dola milioni moja, fedha kidogo kwa kipimo cha Hollywood hata wakati ule. Mahali palipokusudiwa kuwa na umati kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu pakaachwa patupu kwa kukosa fedha za kuwalipa watu, na leo watazamaji wengi huipenda sana sehemu hiyo: wawili peke yao kwenye uwanja mtupu, yule dada mwenye haya akiteleza, Rocky akikimbia kando yake kwa viatu vya kawaida. Tarehe 28 Machi 1977 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya mwaka, pamoja na nyingine mbili. Ali mwenyewe alipanda jukwaani usiku huo akamtania Stallone kwamba amemwibia hadithi yake.

Tulipoionesha katika ukumbi wa parokia kwa ajili ya vijana, wazazi wachache nao wakaja, na mazungumzo yakawa marefu kuliko filamu. Mama mmoja hakuwa na habari kabisa na ngumi. Hasira yake yote ilikuwa juu ya Paulie, kaka yake Adrian, ambaye siku ya sikukuu anamtupia dada yake nje ya mlango bata mzinga aliyekwisha kuokwa, naye siku ya pambano yumo ukumbini kama mtu wa karibu. “Baba Paroko, mtu anatupa chakula, halafu anakaribishwa?” Mzee mmoja akamjibu kwamba ndugu ni ndugu. Mama hakuridhika, na tunakiri kwamba upande wake una nguvu.

Kisha akasimama kijana mmoja anayeendesha bodaboda. Alisema kwa upole, pasipo kutafuta kushangiliwa: “Padre, kusimama raundi kumi na tano hakulipi kodi ya chumba.” Wenzake wakamkumbusha kwamba Rocky aliahidiwa dola 150,000 kwa pambano lile. Akajibu, “Basi tuzizungumzie hizo dola. Tusizungumzie moyo.”

Ukumbi ulinyamaza, nasi pia. Kijana huyu tunamfahamu. Ana cheti cha chuo, na kwa miaka mitatu amekuwa akipeleka barua za maombi ya kazi. Mara tatu ameitwa, na mara tatu amefika katika orodha ya mwisho ya watu wawili. Ameshindwa kwa pointi mara zote tatu. Kwake yeye habari ya mtu aliyesimama mpaka kengele ya mwisho haina upya wowote. Ndiyo historia yake yote, na kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba hugonga mlango.

Wapendwa, wapo wanaoihubiri filamu hii kwa namna inayotutia mashaka. Humwambia maskini kwamba kushinda si kitu, kwamba heshima yatosha, kwamba ajifunze kuridhika na kengele. Na mara nyingi wasemaji hao ni watu ambao mkanda wa ubingwa umekwisha kuwakaa kiunoni. Tusijidanganye: ni rahisi sana kumhubiria maskini kengele ili mwenye mkanda apate usingizi. Kijana yule aliinusa hatari hiyo mapema kuliko sisi tulioketi viti vya mbele.

Tena palikuwa na binti wa kidato cha sita aliyeuliza swali ambalo wakosoaji wamelijadili kwa miaka mingi. Kwa nini katika hadithi hii mweusi ndiye tajiri mwenye majivuno, na mzungu ndiye maskini tunayetakiwa kumlilia, hali Marekani ya wakati ule watu wote waliijua ilivyokuwa? Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1979 Muhammad Ali aliitazama filamu ya pili pamoja na mwandishi wa habari za sinema, Roger Ebert, akamwambia waziwazi kwamba kwa maoni yake taswira ya Rocky iliundwa ili kuipunguza nguvu taswira yake yeye, bondia mweusi asiyeshindika.

Na ushahidi umo hata mjini Philadelphia. Joe Frazier, bingwa wa kweli, aliishi na kufanya mazoezi katika mji huo. Alieleza kwamba ni yeye aliyezikimbilia ngazi zile, na kwamba ni yeye aliyezipiga ngumi nyama zilizoning'inizwa alipokuwa akifanya kazi machinjioni. Mambo hayo yote mawili watu huyakumbuka kama ya Rocky. Katika filamu alipewa nafasi ya kupanda ulingoni na kusalimia kwa muda mfupi, basi. Stallone aliagiza sanamu ya shaba ya Rocky, yenye urefu wa zaidi ya futi nane, mwaka 1980, na wakuu wa mji wakabishana miaka mingi ikiwa ni kazi ya sanaa au ni kifaa tu cha sinema. Hatimaye mwaka 2006 ikawekwa karibu na ngazi zile. Frazier alifariki mwezi Novemba 2011. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2015. Mtu ambaye hakupata kuishi aliitangulia kwa miaka mingi sanamu ya mtu aliyeishi, akatoka jasho na kutoka damu mitaani humo humo. Binti yule alipoyasikia hayo alitikisa kichwa tu. Sisi hatuoni kwamba uzuri wa filamu unalijibu swali lake. Filamu ni nzuri, na swali limebaki palepale.

Tukiulizwa ni sehemu gani inayotugusa zaidi, hatutaji ngazi wala ulingo. Tunakitaja chumba. Mickey, mzee mwenye ukumbi wa mazoezi, alikwisha kumnyang'anya Rocky kabati lake la nguo na kumpa kijana mwingine, akimwona kuwa ni mtu aliyepoteza kipaji chake kwa kumtumikia mla riba. Habari za pambano zilipoenea, mzee huyo anapanda ngazi za nyumba chafu, kofia kichwani, kuomba awe mwalimu wake. Anazungumzia umri wake, miaka 76, na anaonesha picha yake ya ujana. Rocky anajifungia chooni mpaka mzee akate tamaa na kuondoka. Ndipo anapotoka na kupiga kelele, uchungu wote wa miaka kumi ukimwagika kwenye kuta, kwamba msaada aliuhitaji zamani na haukuja. Mzee anayasikia yote akishuka. Kisha kamera iko mbali, barabarani, usiku. Tunamwona Rocky akimkimbilia, tunaona mkono begani, tunaona wakishikana mikono. Hatusikii hata neno moja.

Kazi yetu ni kuwasuluhisha watu, na tumewasikia wengi wakitaka maneno kwanza: aseme alikosea, arudie, aseme mbele ya ukoo. Mara nyingine wana haki. Lakini tunapoitazama sehemu ile tunakumbuka pia ndoa mbili au tatu zilizopona kwa mkono begani, maneno yakachelewa miezi au yasije kabisa.

Usiku wa kuamkia pambano, Rocky anakwenda peke yake kwenye ukumbi mtupu. Anaitazama picha yake kubwa iliyotundikwa na kugundua kwamba wamekosea rangi ya kaptula yake. Anamweleza mwandaaji, naye anamjibu kwa adabu kwamba haidhuru. Anarudi nyumbani, anajilaza karibu na Adrian na kusema hataweza kushinda. Anataka jambo moja tu, ambalo hakuna bondia aliyelifanya mbele ya Creed: kengele ya mwisho imkute amesimama.

Hapa ndipo tungependa kuendelea kuzungumza na kijana wetu wa bodaboda, na tumeanza kufanya hivyo, jioni moja moja, pikipiki ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe. Kipimo kile Rocky hakupewa na waliotundika picha. Wao hawakujali hata rangi ya kaptula. Alikipima mwenyewe, usiku, baada ya kukiri ukweli kuhusu nguvu zake. Kijana anasema anaelewa tofauti hiyo, lakini yeye kipimo alichojiwekea ni kazi, na hataki kukishusha ili kututuliza sisi. Hatumwombi akishushe. Barua ya nne tumeisoma pamoja, tukarekebisha aya mbili, naye ameipeleka.

Mara ya mwisho mkipata nafasi ya kuitazama, angalieni vizuri dakika zile baada ya kengele. Mtangazaji anasoma uamuzi wa majaji, na kelele ni nyingi kiasi kwamba jina la mshindi karibu limezwe; huenda ndiyo sababu wengi hawalikumbuki. Waandishi wanamwuliza Rocky maswali, hawajibu. Anamwita Adrian tu, tena na tena. Adrian anajipenyeza kati ya watu, kofia yake nyekundu inachomolewa kichwani katika msongamano ule, naye haisimamii. Anafika. Macho ya Rocky yamevimba, jicho moja limekatwa kope ili aone, na yule asiyeweza kumwona mpinzani wake anaona mara moja kwamba kitu kimepungua. Anamwuliza kofia yake iko wapi.