Kujaribu Si Kujua

Watu wengi hudhani ya kuwa jambo lililojaribiwa mara nyingi limekwisha kuwa kweli. Sisi walimu wa Chala twawaonyesha watoto kwa maharage ya kwetu kwamba sivyo.

Maharage 12 hupangika safu 3, kila safu maharage 4. Maharage 13 hayakubali safu zilizo sawa. Yatakaa safu moja tu, au kila moja peke yake. Hesabu ya namna hii huitwa namba tasa.

Sasa twaeni 12, mkaiandikie tarakimu 1 mkono wa kuume. 121 ni 11 mara 11, basi si tasa. Ongezeni 1 nyingine: 1211 ni 7 mara 173. Tena: 12111 yagawanyika kwa 3. Endeleeni hivyo mara 135, wala hamtaona tasa hata moja. Nani asingesema, "Haitapatikana kamwe"? Lakini mara ya 136 yapatikana, nayo ina tarakimu 138!

Jaribuni na 37. 371 ni 7 mara 53. 3711 ni 3 mara 1237. 37111 ni 37 mara 1003. 371111 ni 13 mara 28547. Ya tano yagawanyika kwa 3, na ya sita kwa 37. Je, tuendelee milele? La, hakuna haja. Kuongeza 1 sita ni kuzidisha hesabu kwa 1000000, kisha kujumlisha 111111. Na 111111 yagawanyika kwa 3, 7, 13 na 37. Kwa hiyo kila hesabu ya kwanza iliyogawanyika kwa 7, ya saba nayo itagawanyika kwa 7, na ya kumi na tatu vivyo hivyo. Sita zikithibitika, zote zimethibitika. Tasa haitapatikana kamwe.

Mkulima wa Ufipa hupanda kwa kutazama mvua za miaka iliyopita, naye afanya vema, maana shamba halingoji uthibitisho. Lakini mtoto na ajifunze kuuliza: Tumejaribu tu, au twaijua sababu? Mwenye kujaribu tu, hata akihesabu tangu ujana hadi uzee, hatafika mwisho. Mwenye sababu, ijapokuwa ana kipande cha chaki tu, amefika.