Katumba Ipi?

Sisi tulioshushwa njia ya reli ya Mpanda mwaka 1973, wengine migongoni mwa mama zao, wengine wameshikwa mkono, sasa ndio wazee wa Katumba, na wenzetu wengi wametangulia mbele ya haki. Naandika kwa niaba ya tuliobaki. Nawaandikia ninyi vijana mnaofunga ruta madukani na mashuleni, na nawaandikia kwa heshima, maana jasho la kazi hiyo nalijua: nilikuwa fundi wa simu, nimepanda nguzo na kufukia nyaya miaka mingi, na uzeeni nimejifunza hii ya kwenu kwa kuketi pembeni na kuuliza.

Usiku ule wa kufika nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Njaa nimeisahau, baridi nimeisahau. Kilichonikaa moyoni ni swali la mama. Alitua mzigo, akatazama giza, akasema, “Tuko wapi?” Hakujibiwa, kwa kuwa aliokuwa akiwauliza walikuwa wageni kama yeye. Tulikuwa tumeikimbia Burundi na mauaji ya 1972, na mbele yetu ulikuwa msitu wa miombo, na miti haimtajii mtu jina la mahali. Kulipokucha akaja mwenyeji, akapita kundi kwa kundi, akirudia maneno yaleyale kila alipofika: hapa panaitwa Katumba, maji yako bondeni kule, njia hii ndiyo ya Mpanda. Kisha akaenda kwa kundi linalofuata. Ni baada ya maneno hayo ndipo baba alipokata mti wa kwanza. Mashamba mnayoyalima leo yalifyekwa kwa shoka na jembe la mkono, lakini kabla ya shoka lilitangulia tangazo, na hilo husahauliwa.

Simu mnayoitia mfukoni hupita njia hiyohiyo kila inapofika kwenye kiungo kigeni, yaani kipande cha mtandao ambacho vifaa vyake husikilizana bila kupitishiwa ujumbe na ruta. Chini ya toleo la sita la itifaki ya intaneti, kifaa hujipa kwanza anwani ya pale pale, inayoanza na fe80, isiyofaa kitu nje ya kiungo hicho. Halafu huita ruta zote zilizo karibu. Kisipojibiwa hungoja sekunde nne na kuita tena, mpaka mara tatu. Ruta nayo hujibu. Na hata isipoitwa hutangaza yenyewe, kwa kawaida ya itifaki kila baada ya sekunde 200 hadi 600. Ndani ya tangazo mna kiambishi cha mahali pale, mara nyingi biti 64 za mwanzo kati ya 128, na muda wa kukitumia. Kifaa humalizia nusu iliyobaki, kikawa na anwani kamili. Na waliotunga utaratibu huu waliweka ulinzi ninaoustahi sana: tangazo hutumwa na namba 255, na kila ruta inayopitisha pakiti hupunguza moja. Likifika na 254 hutupwa, kwani limetoka ng’ambo. Anayesikilizwa ni mwenyeji aliye papo hapo.

Ugumu uko kwingine. Kifaa kilichokatika kidogo na kuunganishwa tena kitajuaje kama kimehama au kingali palepale? Majina hayatoshi, na sisi watu wa Katumba tulilijua hilo mapema. Barua ya kaka yangu ilizunguka miezi miwili, kumbe ilipelekwa Katumba ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai, kwa sababu juu ya bahasha hapakuandikwa Mpanda. Tangu hapo kila barua nyumbani kwetu ilianza kwa swali: Katumba ipi? Ruta nazo ni vivyo hivyo. Elfu moja zaweza kuitwa fe80::1, kila moja kwenye kiungo chake. Na kiambishi kubadilika si ushahidi wa kuhama. Tulipofika, Mpanda ilikuwa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 tukawa Rukwa. Mwaka 2012 tukawa Katavi. Na mwembe wa baba haukusogea hata hatua moja. Isitoshe, ruta hailazimiki kutaja viambishi vyote katika kila tangazo, kwa hiyo kutokisikia kile ulichokizoea hakukwambii kwamba umeondoka.

Wahandisi walilihangaikia jambo hili miaka kadhaa. Mwaka 2005 waliandika malengo yao. Lilifikiriwa hata wazo la kifaa kuitajia ruta kiambishi chake cha zamani, nayo ijibu kama bado kiko hapo au la. Mwaka 2010 likaidhinishwa lililo jepesi kuliko yote, lisilodai mabadiliko yoyote kwenye ruta. Kifaa hukumbuka ruta kilizozijua, kila moja kwa anwani yake ya mtandao pamoja na ile ya maunzi yake, ili fe80::1 ya hapa isichanganywe na ya kule. Kikiunganishwa tena huiuliza kila moja kwa jina: upo? Wakati huohuo huomba tangazo jipya. Ya zamani ikiitika, kifaa huendelea na anwani yake. Zikinyamaza zote, huanza upya kama mgeni.

Mwaka huohuo wa 2010 watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu tulikubaliwa uraia wa Tanzania. Vyeti tulianza kuvipata 2014, na katikati palisemwa kwamba tungetawanywa mikoa mingine. Ilikuwa miaka ya kungoja jibu. Tulilima, tukauza tumbaku, tukasomesha, tukazika wazee wetu katika udongo huu. Hatukuhamishwa. Ninyi mliozaliwa hapa mnalijibu swali la mama bila kufikiri, na nafurahi iwe hivyo. Ila mjue kwamba jibu hilo lilingojewa miaka arobaini.

Nilipostaafu nilirudi kwa treni ya usiku. Taa hazikuwapo, vibanda vipya vimeota pande zote, na njia niliyoiacha imegeuzwa. Sikulitafuta bango. Nilikwenda mpaka kwenye ua niliodhani ni wa jirani yetu wa 1973, nikapiga hodi, nikamwita kwa jina. Kimya. Nikamwita tena. Ndani kikasogea kiti, ikaja sauti, nzito kuliko nilivyoikumbuka, ikataja jina langu kabla mlango haujafunguliwa. Nikatua begi.